Ufito wa Siwema

Sitaeleza nilivyofika Ufitoni. Njia yenyewe haina hadithi, na yeyote aliyewahi kutumwa safari ya kikazi anajua kwamba njia hufanana kila mahali. Itoshe kusema mimi ni bibi shamba, nina miaka kumi na moja kazini, na kwa miaka minne ya mwisho nimebeba madodoso mengi kuliko nilivyobeba mbegu. Wakubwa wangu walisikia kuna nchi ambako uwezo wa mwanamke mkulima hupimwa mpaka ukaonekana kwa macho. Wakanituma nikajifunze wanavyofanya.

Na kweli unaonekana. Mbele ya kila mlango Ufitoni umesimama ufito mrefu kumzidi mtu kidogo, umepakwa chokaa na kuchorwa alama kumi kutoka chini hadi juu. Kwenye ufito huo kuna pete ya shaba inayopandishwa na kushushwa. Pete ikiwa alama ya pili, mwanamke wa nyumba ile ni dhaifu. Ikifika ya nane, amewezeshwa, na wapita njia humwamkia kwa heshima zaidi, hata wakimkuta na mzigo wa kuni uliomkunja shingo. Mzigo wenyewe hawampokei, kwa sababu mtu wa alama ya nane si wa kusaidiwa.

Mwenyeji wangu alikuwa Mpimaji Mkuu wa wilaya, Bwana Mahimbo, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na viatu vinavyong'aa. Nilimpenda, na ninasema hivyo mapema ili nisije nikadhaniwa nina kinyongo naye.

"Zamani tulikuwa tunabahatisha," aliniambia tukiwa juu ya baiskeli zetu. "Huyu anasema wanawake wetu wana hali nzuri, yule anasema mbaya, basi ni ugomvi tu. Sasa ukitaka kujua, unapita barabarani unahesabu pete."

"Bila kushuka kwenye baiskeli?"

"Bila hata kupunguza mwendo," alisema, na niliona fahari usoni pake.

Sheria ya fito ni fupi, nami niliinakili yote. Ufito husimamishwa na mpimaji tu, kwa nyundo ya ofisi. Ukishasimama hausogezwi, haukatwi wala haung'olewi kwa miaka kumi, hata na chifu, maana ukisogezwa takwimu za mwaka huu hazitalingana na za mwaka jana. Mwanamke naye haondolewi na mtu yeyote penye ufito wake, maana akiondolewa ufito utabaki unampima mtu mwingine. Anayevunja lolote kati ya hayo hufungiwa maji ya mfereji misimu mitatu, na nchi ile huishi kwa mfereji. Nilionyeshwa nyumba iliyoongezwa chumba ufito ukabaki katikati ya chumba, na wenyewe wamezoea kuuzunguka wakienda kulala.

Kipengele cha mwisho kinasema ufito usimame mahali mwanamke anaposhinda mchana kutwa.

"Yaani mlangoni," alinifafanulia Bwana Mahimbo.

"Sheria inataja mlango?"

"Haitaji. Lakini walioiandika ni watu wa mjini, wasomi. Walijua mwanamke hushinda nyumbani."

Siku ya tatu nilialikwa katika Baraza la Vipimo, na huko nilikaa siku mbili nzima nikisikiliza mjadala wa swali la thelathini na moja. Swali linauliza nani aliamua kuuza mbuzi. Tatizo ni kwamba mke hujibu, "Tuliamua pamoja," na mume wa nyumba hiyohiyo hujibu, "Niliamua mimi." Wajumbe waligawanyika. Wengine walitaka jibu la mke lipewe nusu alama, wengine robo, na mzee mmoja mwenye kikohozi alitaka mbuzi aondolewe kwenye dodoso awekwe kuku, kwa kuwa kuku hana ubishi. Mwanamke pekee barazani alisimama akasema ni rahisi, watu waende mnadani wakaangalie nani ameshika kamba ya mbuzi na nani amebaki nyumbani. Alishukuriwa kwa mchango wake. Mwisho wakapitisha robo na nusu yake, nami nikaandika.

Nilijifunza pia kuhusu saa za kupumzika. Wapimaji huuliza, "Jana ulifanya kazi kwa saa ngapi?" Sasa, wakitarajiwa kijijini, amri hutolewa wanawake wote wakae nyumbani siku moja kabla ili wasikosekane. Kwa hiyo jana yao huwa siku ya kukaa mlangoni wakingojea, tena katikati ya palizi, na mpunga unasongwa na magugu huku wanaandikwa wamepumzika saa kumi na moja. Nchi ile inajivunia kuwa na wanawake wanaopumzika kuliko wote duniani. Nilicheka usiku ule peke yangu, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwaweka akina mama chini ya paa la ofisi ya kata tangu asubuhi hadi alasiri, nikawauliza kama wana muda wa kutosha. Sikuendelea kucheka.

Ofisini mwa Bwana Mahimbo ilitundikwa nishani. Nikamuuliza ya nini.

"Ya mwaka wa nzige," alisema. "Mwaka ule pengo kati ya wake na waume liliisha kabisa katika wilaya yangu. Nzige walikula kila kitu. Mume hana cha kuamua, mke hana cha kuamua. Wakawa sawasawa."

Nilimtazama kama anatania. Hakuwa anatania, lakini aliongeza kwa sauti ya chini kwamba mama yake mzazi alifariki mwaka ule, na kwamba nishani hiyo haipendi sana.

Mwaka niliofika, miaka kumi ya fito za zamani ilikuwa imetimia na mchwa wamezila. Ilibidi kila mwanamke apimwe upya na kupewa ufito mpya. Kazi ilikuwa nyingi, wapimaji wachache, kwa hiyo Bwana Mahimbo aliniapisha kuwa mpimaji wa muda na kunikabidhi nyundo, kwa heshima ya ugeni wangu. Tukashuka pamoja hadi kijiji kimoja kando ya bonde la mpunga. Huko ndiko nilikokutana na Siwema.

Siwema alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Nyayo zake zilikuwa na tope lililokauka, nikajua kwamba siku ya kungojea hakungojea.

"Huyu ananiharibia wastani," Bwana Mahimbo alininong'oneza. "Kila mwaka wenzake wanakaa, yeye anaenda bondeni. Jana peke yake ameshinda huko saa kumi."

Mjane Ufitoni ana kasoro moja kubwa ya kitakwimu: hana mume wa kumlinganisha naye. Kwa hiyo huazimwa mwanamume wa siku hiyo, anaitwa mlinganishi, naye huwekewa kiti karibu na mjane na kuulizwa maswali yaleyale. Mlinganishi wa Siwema alikuwa Ngwali, kaka wa marehemu mumewe. Alikuja amevaa kanzu safi, akamsalimu shemeji yake kwa adabu, akaketi.

"Nani huamua kitakachopandwa bondeni?" aliuliza Bwana Mahimbo.

"Mimi," alijibu Siwema.

"Yeye," alisema Ngwali.

"Nani huamua siku ya kuvuna?"

"Mimi, na mpunga wenyewe."

Bwana Mahimbo alisita kalamu ikiwa hewani, nadhani akijiuliza kama mpunga unaweza kuhesabiwa miongoni mwa wanakaya. Akaamua kuuacha.

"Shamba la bondeni unalitumia bila kizuizi?"

"Mpaka mavuno haya."

"Ni ndiyo au ni hapana, mama?"

"Ni ndiyo, mpaka mavuno haya."

"Nitaandika ndiyo."

Siwema akajisogeza mbele kwenye kigoda chake. "Bwana Mpimaji, andika na hili. Shemeji ameng'oa masale mawili ya juu. Amesema nikishavuna analichukua shamba."

Hapa inabidi nieleze. Ufitoni mpaka wa shamba hujulikana kwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo hata kwetu baadhi ya watu huipanda mipakani. Huko ni mwanamume tu anayeruhusiwa kupanda sale. Mwanamke anaweza kulima, kumwagilia, kuvuna na kuhutubia kikao, lakini akishika sale watu humshangaa kama aliyepanda juu ya kaburi. Masale ya Siwema yalipandwa na mumewe. Mume amekufa, na ndugu wa mume akiyang'oa, hakuna pa kwenda kushtaki.

"Hilo halina kisanduku kwenye dodoso, dada," alisema Bwana Mahimbo.

"Mwaka jana, alipokuwa anatishia tu, uliniambia hivyohivyo."

"Na mwaka juzi," alikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

Ngwali hakukasirika. Alizungumza akinigeukia mimi, mgeni, kama anayetaka kueleweka. "Mimi sina ubaya na shemeji. Nyumba anakaa, sijamgusa. Lakini nina vijana watatu wamekua, wanataka kuoa, sina pa kuwaweka. Shamba ni la ukoo."

"Lilikuwa dimbwi," alisema Siwema. "Miaka sita ulipita pembeni yake ukiziba pua. Nimelichimbia mifereji, nimelisawazisha kwa jembe la mkono, mbegu ya mradi nimeipanda mimi. Ndiyo ukaona ni la ukoo."

Ngwali akatazama chini. Nadhani alijua shemeji yake anasema kweli, lakini vijana wake walikuwa watatu vilevile.

Bwana Mahimbo alijumlisha. Swali la arobaini na nne linauliza kama mwanamke alishiriki katika mazungumzo yoyote kuhusu ardhi ndani ya mwaka. Kwa kuwa Siwema alikuwa ametoka kuyazungumza mbele yetu, alipata alama zote za swali hilo. Akatoka alama ya sita akaenda ya tisa. Majirani waliokusanyika wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele, na Ngwali naye akapiga makofi kwa dhati. Siwema alikaa na mikono magotini. Niliona haya, na haya yenyewe ilinipanda usoni hadi masikioni.

Bwana Mahimbo alinipa ufito mpya wa Siwema na pete yake, akaniomba niusimamishe mlangoni wakati yeye anakwenda nyumba ya pili. Nilisimama na nyundo yangu kama mtu aliyetumwa msibani na zawadi ya harusi.

"Dada," alisema Siwema tulipobaki wawili, "wewe huko kwenu unauliza maswali haya haya?"

"Karibu haya haya."

"Na wewe huna kisanduku?"

Nilitaka kumweleza kwamba dodoso letu ni bora zaidi, limejaribiwa, lina kurasa ishirini na mbili. Badala yake nilimwuliza swali ambalo kwa miaka minne sikuwahi kumwuliza mwanamke hata mmoja. "Siwema, nani anaweza kukunyang'anya?"

Alitazama miguu yangu. "Vua viatu," alisema, "twende nikuonyeshe."

Tulishuka bondeni, mimi na ufito begani. Tope lilinifika katikati ya muundi. Majaruba yake matatu, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, yalikuwa yamekaa sawasawa kabisa, maji yakipita kutoka moja kwenda jingine bila kelele, na mpunga umeanza kutoa masuke. Kwenye kona ya juu palikuwa na mashimo mawili mabichi, na masale yametupwa pembeni, yamenyauka. Siwema alisimama kati ya mashimo yale.

"Nisimamishie hapa," alisema.

"Sheria..."

"Sheria inasema ninaposhinda. Jana nimeshinda hapa saa kumi. Ameandika mwenyewe."

Nilielewa mara moja, na nikaogopa mara mbili. Nilikuwa mgeni, nimepewa nyundo kwa heshima, na sikutumwa kuvuruga nchi za watu. Lakini kilichonizuia zaidi ni jambo jingine.

"Ukiwa na ufito huku, mlangoni hutakuwa nao," nilimwambia. "Shemeji anaweza kukutoa kwenye nyumba. Sheria haitakulinda huko."

"Nimeliwaza hilo tangu mwaka juzi." Aliinama akaziba tundu dogo kwenye tuta la jaruba. "Nyumba ile mume wangu alinijengea, na watoto wangu wawili nimewazalia mle. Ninaipenda. Lakini nyumba ni miti na udongo, wiki mbili nimepata nyingine. Bonde siwezi kulijenga tena, dada. Mgongo hauna bonde la pili."

Nikaushika ufito, nikaupigilia kati ya yale mashimo mpaka mikono ikaniuma. Sijawahi kufanya kazi nyingine ya kiofisi kwa nguvu kiasi kile.

Bwana Mahimbo aliitwa na Ngwali. Walikuja wote wawili hadi ukingoni mwa bonde, na pale Bwana Mahimbo akasimama, kwa sababu ya viatu.

"Mgeni, umekosea mahali," aliita.

"Nimesoma sheria, Bwana Mahimbo. Ufito usimame anaposhinda. Tazama kwenye daftari lako, umeandika saa ngapi wapi."

Alitoa daftari. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama ilivyo desturi yake akisoma namba: "Bondeni, saa kumi. Kuni na maji, saa tatu. Jikoni, saa mbili." Akafunua ukurasa. "Mlangoni, robo saa, akifagia."

"Ung'olewe basi," alisema Ngwali. "Upelekwe mlangoni kama wa wenzake."

Bwana Mahimbo alilifunga daftari. Nilimwona akipambana, na simchukulii kuwa shujaa kwa aliyoyasema, maana sidhani kama alikuwa anamtetea Siwema. Alikuwa anatetea namba zake, kitu pekee alichokiamini maishani.

"Umesimamishwa na mpimaji aliyeapishwa," alisema hatimaye. "Hauwezi kung'olewa miaka kumi. Na mwenyewe hawezi kuondolewa hapo. Samahani, Bwana Ngwali. Takwimu zitaharibika."

Ngwali aliutazama ule ufito kutoka chini hadi juu. Kisha akamwambia Siwema, bila ukali, "Basi nyumba nitampa mwanangu Shaweji aolee."

"Mpe," alisema Siwema. "Mlango unakwama wakati wa mvua, mwambie aunyanyue kidogo."

Nilikaa kijijini wiki moja zaidi. Siku ya pili walikuja wanawake wawili kuniomba nikasimamishe fito zao bondeni. Siku ya nne walikuwa kumi na tisa, Siwema akiwemo. Si wote waliokuja. Wengine walisema hawawezi kuziacha nyumba zao bila ulinzi, na sikuwalaumu, maana kila mmoja anajua anachoweza kupoteza na asichoweza. Nyundo ilinitoa malengelenge. Siku ya mwisho Siwema alikuwa ameshahamia kwenye dungu lake, jukwaa la miti la kuamia ndege, pembeni mwa shamba, na wenzake walikuwa wanamsaidia kukandika nyumba ndogo mahali palipoinuka.

Baada ya hapo kulitokea jambo ambalo mimi sikulitarajia, ingawa ningepaswa. Fito za bondeni hazionekani kutoka barabarani. Wapimaji walipita na baiskeli zao, wakatazama milangoni, hawakuona kitu, na tope hawakuliingia. Taarifa ya wilaya iliyonifuata hadi nyumbani inasema kwamba katika kijiji kile, uwezo wa wanawake kumi na tisa ulianguka kutoka wastani wa alama ya saba hadi sifuri katika msimu mmoja. Inapendekeza utafiti ufanyike kujua sababu. Ndani ya bahasha hiyohiyo Bwana Mahimbo alikuwa ameongeza karatasi kwa mkono wake mwenyewe, akinieleza kwamba Siwema amevuna vizuri na kwamba amefunga debe kuukuu kwenye pete yake ya shaba, upepo ukivuma linagonga ufito na kufukuza ndege. Hakuandika alijuaje. Ninachojua ni kwamba kutoka barabarani debe lile halionekani.

Wakubwa wangu walitaka ripoti yenye mafunzo matano. Niliandika funzo moja, wakanirudishia, nikaandika tena moja lilelile. Bado tunalijadili.

Wiki iliyopita nilirudi kazini na dodoso langu la kurasa ishirini na mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja anaitwa Mkasi, alikuwa anapepeta mtama uani. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaona swali la kwanza, nikalifunika kwa mkono. Nikamwuliza nani anaweza kumnyang'anya shamba.

Aliweka ungo chini. Akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza, kisha akatazama miguu yangu.

"Vua viatu," alisema.